Baada ya Nabii, Nani Atakuamulia?

Aprili 2025 polisi waliingia katika boma la kanisa moja huko Opapo, karibu na Rongo, kaunti ya Migori, wakawatoa zaidi ya watu 50 waliokuwa wakiishi humo. Miongoni mwa waliokuwa wamefia ndani alikuwa afisa wa polisi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kushuku. Miaka miwili kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa imesimama kando ya makaburi ya Shakahola, Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa. Baada ya Shakahola, Rais aliunda jopokazi chini ya Kasisi Mutava Musyimi, nalo likakabidhi ripoti yake Julai 2024. Mswada wa kuyasimamia mashirika ya kidini ukafikishwa Seneti. Na tangu hapo redio zetu za asubuhi, kuanzia Nakuru hadi Busia, haziishi kuuliza swali lilelile: tutawachujaje wahubiri? Mwenye cheti cha theolojia apande mimbari, asiye nacho akunje hema. Barua ya maadili mema kutoka kwa polisi. Shirika mwavuli la kumdhamini. Wapigaji simu hugawanyika mara mbili, kipindi kinakwisha, matangazo ya mbolea yanaingia.

Swali lenyewe si baya, ila limebisha hodi kwenye mlango usio wake. Ukikaa na watu waliowahi kumwamini mwalimu wa kiroho kisha wakamtoka, utaona kwamba kilichowaumiza hasa si ukosefu wake wa cheti. Waliumizwa na mazoea waliyoyajenga wenyewe, mwaka baada ya mwaka, ya kumkabidhi maamuzi yao: kwanza makubwa, halafu ya wastani, mwisho hata la kununua gunia la mahindi sasa au kungoja bei ishuke. Mazoea hayo hujengeka chini ya tapeli, na hujengeka vilevile chini ya mtumishi mwaminifu mwenye shahada tatu. Kwa hiyo sheria hii tunayoijadili, hata ikipita bila doa, itatuletea walimu waliochujwa na waumini walewale.

Tunawaelewa vibaya pia wale wanaoondoka, nao ni wengi kuliko tunavyodhani, kwa sababu huondoka kimyakimya. Kanisani huitwa waliorudi nyuma. Kwenye baa na mitandaoni huitwa waliofunguka macho, wakapigiwa makofi kana kwamba wamefaulu mtihani. Wote wawili, anayelaani na anayeshangilia, hudhani kwamba imani ndiyo iliyokufa. Wengi ninaowajua mimi, Kisumu na Nakuru, hawakumpoteza Mungu. Walimpoteza mtu wa katikati, wakabaki mbele ya maisha yao kama abiria wa miaka mingi aliyepewa usukani pale Mau Summit, malori yamefuatana, na nyuma yake watu wanapiga honi.

Upande huu wa magharibi ya nchi si mgeni wa jambo hili. Johana Owalo alipitia Ukatoliki, Uprotestanti na Uislamu kabla ya kuanzisha Nomiya mwaka 1914, kanisa linalotajwa kuwa la kwanza la Waafrika wenyewe nchini Kenya. Zakayo Kivuli alitoka katika misheni ya Nyang'ori, na mwaka 1942 akaanzisha African Israel Church Nineveh huko Vihiga. Elijah Masinde, aliyekuwa mchezaji hodari wa kandanda kabla ya kuwa nabii wa Dini ya Msambwa, aliwaambia watu wa Bungoma kwamba mzungu na Mungu wake waondoke, akalipia kwa kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kizuizini na uhamishoni. Gaudencia Aoko, mwanamke kijana aliyekuwa amefiwa na watoto wawili kwa siku moja, alihubiri na kubatiza maelfu mwaka 1963 pamoja na Simeo Ondeto katika siku za mwanzo za kanisa la Legio Maria. Baadaye njia yake na ya Ondeto ziliachana. Ukiziweka habari hizi pamoja utaona jambo ambalo hatulisemi Jumapili: karibu kila kanisa kubwa lililozaliwa hapa lilianzishwa na mtu aliyemwambia mwalimu wake, asante, kuanzia hapa nitatembea mwenyewe. Kuondoka kwa mwalimu si ugonjwa ulioletwa na intaneti. Ndiyo mila yetu ya dini. Ajabu ni kwamba kizazi cha pili hakikupewa ruhusa aliyojipa mwanzilishi. Yeye aliwauliza wamisionari maswali magumu. Sisi tukimuuliza mrithi wake juu ya hesabu za harambee ya paa, tumeasi.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Friends, yaani Marafiki. Wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ni kati ya nchi zenye Marafiki wengi zaidi duniani, wengi wao wakiwa Vihiga, Kakamega na Bungoma. Dhehebu hili lilizaliwa Uingereza katika karne ya 17 kwa wazo lililowatia watu wengi gerezani: kwamba ndani ya kila mtu mna nuru ya Mungu, na kwamba hahitaji kasisi amwashie. Walikuwa wakikaa kimya pamoja, saa nzima, hadi mmoja wao, yeyote, mwanamume au mwanamke, asukumwe kusimama na kusema. Lakini waliofika Kaimosi walitoka katika tawi la Marekani lililokwisha kuwa na mapasta, mahubiri na ratiba, na hilo ndilo tulilorithi. Sisemi mapasta wa Marafiki ni wabaya. Nimekunywa chai yao. Nasema tu kwamba dini iliyoanza kwa kumwondoa mtu wa katikati ilitufikia ikiwa tayari imemrudisha, na hatukuona tofauti.

Sasa tuangalie namna utegemezi unavyoingia, maana hauingii kwa amri. Huingia kwa wema. Mtu anakuombea ukiwa huna kazi, kazi inapatikana. Anakutembelea mtoto akiwa amelazwa. Anakumbuka jina la mama yako. Ukipata jambo la pili, utaanzia kwa nani kama si kwake? Lugha yenyewe imeshakutengenezea njia: yeye ni baba wa kiroho, wewe ni mwana, yeye ni kifuniko, na mwenye kufunikwa hatoki nje mvua ikinyesha. Neno hilo kifuniko lina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Likishakaa kichwani, kila uamuzi unaoufanya peke yako unakuwa kama kutoka nje bila mwavuli, na kila baya likikupata baadaye, homa, deni, gari kuharibika, unajua tayari sababu yake. Hakuna anayehitaji kukutisha. Umefundishwa kujitisha.

Nalijua hili kwa sababu nililiishi miaka sita, Nakuru, katika ushirika mdogo uliokutana kwenye ukumbi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulimwita Mwalimu, hakupenda kuitwa pasta. Hakuwahi kuniomba hata shilingi mia, jambo ambalo nalitaja mapema ili asiwepo wa kunifariji kwa kusema nilitapeliwa. Nilikuwa na daftari la kurasa 96, jalada la bluu, nililolifunga kwa raba, na humo niliandika maswali niliyompelekea na majibu yake, pamoja na tarehe. Nihame Kaptembwa niende Free Area? Ngoja mwezi mmoja. Ning'oe jino au litibiwe? Ng'oa. Nimkopeshe binamu yangu? La. Miaka baadaye nililisoma daftari lote kwa usiku mmoja. Kati ya maswali yote yale, lililomhusu Mungu lilikuwa moja tu, nalo nilikuwa nimeliuliza kwa niaba ya mtu mwingine.

Imani yangu kwake haikuvunjwa na kashfa. Siku moja nilifika mapema, mlango ukiwa umeegeshwa, nikamsikia akisoma swali langu kwenye simu, neno kwa neno, kwa mtu aliyemwita baba. Alikuwa akisema ndiyo baba, ndiyo baba, na kalamu inasikika ikikwaruza karatasi. Mwalimu naye alikuwa na daftari. Nilishuka ngazi taratibu, nikanunua misumari nisiyoihitaji, nikarudi baada ya robo saa kupokea jibu langu kama kawaida. Nililifuata pia. Ilinichukua miezi minane zaidi kuacha kwenda.

Miezi hiyo minane ndiyo inayopuuzwa na wachambuzi wetu. Huwa wanashangaa: mbona watu hawaondoki mara tu unabii unapokwama? Septemba 2006 wafuasi wa House of Yahweh, dhehebu lenye makao Texas nchini Marekani, walijichimbia upande wa Nyandarua, kutoka Nakuru ni mwendo mfupi tu, wakingoja vita vya nyuklia vilivyotabiriwa kuanza tarehe 12 mwezi huo. Tarehe 13 ilifika na ng'ombe walihitaji kukamuliwa. Karibu na Eldoret, Jehova Wanyonyi alijitangaza kuwa Mungu mwenyewe kwa miaka mingi. Habari za kifo chake zilipoenea mwaka 2015, wafuasi wake walizikana. Ni rahisi kucheka. Lakini fikiria hesabu inayomkabili muumini wa namna hiyo. Akikubali kwamba mwalimu alikosea juu ya tarehe, itambidi aulize alikosea vipi juu ya shamba lililouzwa, juu ya dada ambaye hawasemezani, juu ya mke. Utabiri ni uzi mmoja tu, na yeye amevaa sweta nzima. Mtu hakatai kuona ukweli kwa kuwa hana macho. Anakataa kwa kuwa ameona bei yake.

Ndiyo maana hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa na wasomi wenzangu: kwamba tatizo ni ujinga, na dawa ni elimu. Hoja hii ina ladha nzuri kwa anayeitoa, kwa sababu humweka yeye upande wa waliopona. Haisimami hata dakika moja. Afisa wa Opapo alikuwa amepitia chuo cha mafunzo. Katika ukumbi wetu wa Nakuru tulikuwa na walimu wawili wa sekondari, muuguzi, na mhasibu ambaye asubuhi alikagua vitabu vya kampuni kwa kalamu nyekundu na jioni alikuwa haulizi risiti ya sadaka. Elimu humfundisha mtu kutofautisha kauli ya kweli na ya uongo darasani. Haimfundishi avumilie usiku mmoja bila kujua kesho itakuwaje, na huo usiku ndio nabii anaoununua. Tena shule zetu zenyewe, tuseme kweli, zimetuzoesha kunakili kutoka ubaoni na kupigiwa tiki. Aliyefaulu vizuri katika mfumo huo amehitimu vizuri kuwa mfuasi.

Hoja ya umaskini ina uzito zaidi, lakini nusu tu. Ni kweli kwamba palipo na zahanati isiyo na dawa, mafuta ya upako yatauzika. Mwaka 2014 runinga ilituonyesha nabii wa Nairobi aliyewaambia watu wapande mbegu ya shilingi 310, na waliotuma fedha hizo hawakuwa wenye mashamba makubwa. Hata hivyo angalia magari yanayoegeshwa nje ya mikutano mikubwa uwanjani Menengai au kando ya barabara za Milimani. Mwenye nacho ana hofu yake: kupoteza.

Upande wa pili kuna watetezi wa walimu, na silaha yao ni Zaburi ya 105, mstari wa 15: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Nimeusikia mstari huu ukisomwa kwa mtu aliyeuliza tu kwa nini akaunti ya kanisa iko kwa jina la mke wa mchungaji. Basi tuisome Zaburi yenyewe. Inawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na wanaokemewa wasiwaguse ni wafalme. Ni mstari wa kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye mamlaka. Kuutumia kumlinda mwenye mamlaka dhidi ya mjane anayeuliza juu ya hesabu ni kuuvaa kinyume, kama koti lililogeuzwa ndani nje. Wala Biblia hiyohiyo haiwasuti wanaochunguza. Matendo 17 inawasifu watu wa Beroya kwa kuyapekua maandiko kila siku waone kama aliyowaambia Paulo ni kweli. Kama Paulo alipekuliwa, huyu wa kwetu ni nani?

Na sheria je? Sheria ni lazima palipo na uhalifu. Anayemzuia mtoto asipelekwe hospitalini hadi afe hahitaji mjadala wa theolojia, anahitaji mahakama. Lakini kuna tofauti kati ya kukamata uhalifu na kutoa muhuri wa kuaminika. Tulishajaribu njia ya muhuri. Novemba 2014 Mwanasheria Mkuu alisimamisha usajili wa makanisa mapya, kisha zikaja kanuni zilizotaka cheti cha theolojia na cheti cha polisi kwa kila kiongozi. Januari 2016 viongozi wa dini walipaza sauti, na kanuni zikaondolewa. Wengi walilalamika kwamba serikali iliogopa kura. Mimi naona kulikuwa na kasoro nyingine. Muumini aliyezoea kukabidhi maamuzi akiona cheti cha serikali ukutani, kimefremiwa, atakabidhi kwa mikono miwili. Tutakuwa tumempa mwalimu kifuniko kingine. Kinachosikitisha ni kwamba Sheria ya Vyama, ambayo makanisa mengi yamesajiliwa chini yake, tayari inataka yawasilishe taarifa kila mwaka. Ingeanza hiyo kufuatwa, na waumini wakajua wana haki ya kuuliza, tungekuwa tumefika mbali bila mswada wowote.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu haitoki redioni. Nilipewa na mzee mmoja wa kanisa huko Siaya, mtu nisiyeweza kumwita tapeli wala mjinga. Aliniambia: wewe unasema mtu ajiamulie, lakini siku akifa atazikwa na nani? Kwa msomaji wa mbali swali hili linaweza kuonekana la kando. Kwetu ndilo swali. Mtu akifariki Kisumu, kuna mochari ya kulipa kwa siku, kuna gari la kumpeleka nyumbani, kuna hema, viti, sufuria, usiku wa matanga, akina mama wa kanisa waliovaa sare wakipika tangu alfajiri, kwaya, na yule mtu mmoja mwenye orodha ambaye huwa analijua kila jambo. Anayemwacha mwalimu hapotezi mahubiri tu. Anapoteza chama cha mzunguko, mdhamini wa mkopo, watu wa kumshika mkono hospitalini, na wale watakaobeba jeneza. Nimehudhuria mazishi ya mwanamke aliyekuwa ametoka katika ushirika wake. Wenzake wa miaka kumi walikuja, wakasimama nje ya ua wa michongoma, hawakuingia, kwa kuwa walikuwa wameambiwa wasiingie. Walisimama hapo hadi kaburi lilipofunikwa. Sijui kama lile lilikuwa kosa lao au upendo wao. Mzee wa Siaya ana haki: kumwambia mtu wa namna hii ajitegemee, halafu ukaondoka na gari lako, ni ukatili.

Lakini hoja ya mzee inathibitisha kitu tofauti na alichokusudia. Inaonyesha kwamba kinachowashika watu ni wao kwa wao, wala si mwalimu. Sufuria ni za akina mama. Fedha za mzunguko ni zao. Jeneza hubebwa na vijana wa mtaa. Mwalimu amekaa tu mahali ambapo nyuzi zote zinapita, na muumini mmoja akiondoka, nyuzi zake zote hukatika kwa wakati mmoja, kwa sababu hakuna aliyezifunga moja kwa moja kwa wenzake. Kivuli alipofariki mwaka 1974, kanisa la Nineveh lilimpokea mkewe, Mama Rebecca, akaliongoza kwa miaka kadhaa. Kanisa halikufa naye kwa kuwa kulikuwa na kanisa, watu waliofahamiana hata yeye asipokuwapo. Palipo na ushirika wa namna hiyo mwalimu anaweza kukosea, akakosolewa, akastaafu, akafa, na matanga yakafanyika.

Hapa ndipo neno kujitegemea linapohitaji kuokolewa kutoka kwa wanaolipenda. Kuna wanaotoka kwa mwalimu wakaapa kutomwamini mtu tena. Wanasoma kila kitu peke yao usiku kwenye simu, wanajiandikia dawa, wanashuku hata daktari. Hao wamebadilisha mwalimu tu. Sasa mwalimu ni hofu yao. Jiddu Krishnamurti, Mhindi aliyelelewa tangu utotoni kuwa mwalimu wa ulimwengu, aliwakusanya wafuasi wake Ommen, Uholanzi, Agosti 1929, akaivunja jumuiya iliyojengwa kwa ajili yake na kuwaambia hataki wafuasi. Ni tendo adimu sana katika historia ya dini. Na watu waliendelea kumfuata hadi alipofariki mwaka 1986, wakinukuu maneno yake ya kuwakataza wasimnukuu. Hata mwalimu mwema kabisa hawezi kukupa uhuru huo akiwa juu ya jukwaa.

Waraka kwa Wagalatia, sura ya sita, una mistari miwili ambayo wahubiri huisoma kwa nadra pamoja. Wa pili unasema, "Mchukuliane mizigo." Wa tano unasema, "Maana kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe." Nilipokuwa Nakuru nilidhani ni kupingana. Sasa naona ni maelezo ya kazi ya mchukuzi yeyote wa stendi: kuna gunia ambalo lazima wawili walinyanyue, na kuna lile la mgongoni ambalo mwingine akikushikia mtaanguka nyote wawili. Kujua lipi ni lipi ndiyo kazi yenyewe, na haifundishwi kwa siku moja. Barua ya kazi ya Kisumu iliponifikia, mwezi mmoja baada ya kuacha kwenda kwa Mwalimu, nilipewa siku tatu kujibu. Siku ya kwanza nilikaa na simu mkononi, kidole kikitafuta namba yake chenyewe. Siku ya pili niliwauliza watu watatu: dada yangu, jirani, na mwenzangu aliyewahi kufanya kazi huko. Walitofautiana. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nilipogundua kwamba watu watatu wenye akili wanaweza kutofautiana na hakuna wa juu yao wa kuamua. Siku ya tatu niliamua, na nauli ya matatu niliilipa nikitetemeka.

Kwa wanaotunga sera, matokeo ya hoja hii ni haya. Acheni kutafuta mhubiri salama, hayupo. Tekelezeni sheria zilizopo juu ya hesabu, watoto na matibabu, kwa kanisa la hema na kwa kanisa la mawe sawasawa. Kwa makanisa, ningeuliza jambo moja dogo: mkutano wa wanachama mlioufanya mwaka jana, ni nani aliyepinga chochote, na leo yuko wapi? Jibu la swali hilo linatosha kuliko cheti. Na kwa familia, mtu wenu akirudi kutoka kwa nabii, msimpokee kwa kicheko wala msimkabidhi haraka kwa mchungaji wenu mliyemwona bora. Mpeni nafasi ya kukosea mambo madogo. Anunue kiatu kisichomtosha. Nimeona mtu mzima wa miaka 40 akisimama mbele ya rafu ya sabuni katika supamaketi ya Kisumu, dakika kumi, akashindwa kuchagua, akatoka bila sabuni. Aliyekuwa naye alicheka. Hakupaswa.

Kuna mama ninayenunua kwake omena sokoni Kibuye. Alikuwa katika ushirika ambapo kuuza Jumapili kulikatazwa, na kila mtu wa Kisumu anajua Kibuye ni Jumapili. Miaka tisa hakufungua siku hiyo. Alipotoka, wenzake wa kikundi cha akiba, Walegio wawili, Mwislamu mmoja na wa Anglikana, walimpa mtaji wa magunia mawili bila kumuuliza anasali wapi sasa. Hunipimia gorogoro kwa kujaza hadi inamwagika, kisha anaongeza kiganja kimoja juu. Bado anasali, aliniambia husali akiwa anachekecha mchanga kwenye omena, kabla wateja hawajaja. Jumapili iliyopita nilizunguka nikimtafuta, nikamkuta amehamisha meza hadi upande wa pili wa njia. Kwa mazoea yangu ya zamani, nikamuuliza ni nani aliyemshauri ahame. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto.

"Mvua," akasema. "Kule maji yanaingia."